Mwizi, Mtani, Mkwe

Jumatatu, 2 Desemba

Mvua ya kwanza ya maana imenyesha. Mpanda nzima inanukia udongo. Wateja hamna, watu wote wamekwenda mashambani. Wachache waliobaki mjini wamevaa kofia.

Nimeamua! Mwaka huu hauishi kabla sijamchumbia Nyanzala. Potelea mbali.

Niandike vizuri, ili atakayesoma shajara hii nikishakuwa mtu mkubwa aelewe. Mimi ni Oswaldi, kinyozi wa Makanyagio, mwenye kiti cha kuzunguka. Nyanzala ni fundi cherehani. Kibanda chake kinatazamana na saluni yangu, barabara tu katikati. Yeye anashona, mimi nanyoa, tunatazamana. Masikio ya wateja kadhaa yameumia kwa sababu hiyo. Sisi wenyewe tumeshakubaliana zamani. Kilichobaki ni baba yake, Mzee Masalu wa Mwamkulu. Msukuma wa ng'ombe na plau. Maneno machache, mabega mapana.

Dada yangu Scola, yule anayeuza migebuka sokoni, anasema shughuli yenyewe ni ndogo. Nimpigie simu baba mdogo Zakayo kule Sumbawanga aje awe mshenga. Twende Mwamkulu, tukae, baba mdogo aseme, mimi ninyamaze. Basi, imekwisha.

Eti ninyamaze! Mtu mwenye akili kama mimi!

Halafu Scola anasahau kwamba kuna Elias. Elias ndiye bwana mifugo, kijana wa Kasansa. Ana pikipiki ya kazi, ana gambuti, anachoma ng'ombe sindano bila kupigwa teke. Kila wiki yuko zizini kwa Mzee Masalu. Ng'ombe wa pale wanaijua sauti yake. Nitashindanaje na mtu anayefahamiana na ng'ombe? Mshenga wangu atafika akute mzee ameshampenda mwingine. Hapana. Kwanza mzee anipende mimi, halafu ndiyo tumwite baba mdogo.

Naanza na Kisukuma.

Jumatano, 4 Desemba

Aibu. Aibu tupu.

Nimekwenda Mwamkulu na viatu vyangu vya kanisani, vile vyenye ncha, nimevipiga rangi mpaka najiona uso. Njia nzima nafanya mazoezi ya kusema mwangaluka. Nikafika, nikainama, nikaisema kwa sauti ya kiume. Mzee Masalu akaliangalia jua kwanza, halafu akaniangalia mimi. Kumbe hiyo ni salamu ya asubuhi, na saa hizo ng'ombe walishaanza kurudi. Akaitikia hivyo hivyo, mzee wa watu.

Alikuwa anawafungua maksai wake wawili wa plau, Meneja na Karani. Karani ni wa kawaida. Meneja ndiyo mwenyewe: mwekundu, baka jeupe kwenye paji la uso, shingo kama gogo. Mzee anaongea na Meneja kuliko anavyoongea na binadamu. Nikamsifia Meneja. Mzee akasema ndiyo. Nikamsifia tena. Akasema ndiyo. Mazungumzo yalikuwa yanakwenda vizuri sana.

Hapo akatokea mama yake Nyanzala na ndoo ya maji kichwani. Mimi ni mstaarabu bwana. Nikaruka kutoka kwenye kigoda, nikamwendea mbio, mkono mbele, nimpokee ndoo na kumsalimia. Weee! Mama alipiga ukelele, ndoo chini, khanga usoni, akakimbilia nyuma ya kihenge cha mahindi. Hakutoka tena mpaka naondoka. Maji yote yameingia kwenye viatu. Mzee Masalu aligeukia upande wa ng'ombe, akakohoa muda mrefu, mabega yanatikisika. Hasira hizo! Nikaaga haraka haraka.

Nimemsimulia Scola. Amecheka mpaka akaketi juu ya beseni la samaki. Anasema nyie wanaume hamjui kitu. Eti kwa Wasukuma mama mkwe hakutani uso kwa uso na mkwewe, wala hampi mkono. Anamkimbia kwa heshima. Kama amenikimbia, basi mama wa watu ameshanihesabu mkwe kabla hata sijaposa. Scola anasema nipige simu Sumbawanga kesho asubuhi, mambo yameiva.

Mimi sijaridhika. Huwezi kujenga ndoa juu ya ndoo iliyomwagika.

Ijumaa, 6 Desemba

Mungu ni mwema. Elias amekuja mwenyewe kunyoa!

Ameingia na adabu zake zile, shikamoo kwa wazee waliokuwa kwenye benchi, habari za kazi kaka Oswaldi. Akakaa kwenye kiti changu. Akafumba macho. Adui amekaa kitini, amefumba macho, shingo wazi! Nikawasha mashine.

Nikamchimbia barabara kichwani. Imeanza sikio la kushoto, ikapinda pinda kama njia ya kwenda Sitalike, ikakatisha utosini. Upande wa kulia nikamwachia kishungi. Nikamwambia pole, mkono umeteleza. Alijiangalia kwenye kioo, akajiangalia tena. Nilikuwa tayari kwa ugomvi.

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akashukuru. Anasema hajawahi kunyolewa kitu cha namna hiyo.

Halafu akaniomba ushauri, mimi! Kuna binti wa watu moyo wake umemwangukia. Anaona haya hata kumtaja. Je, atume mshenga au asubiri? Nikamwambia asithubutu! Mambo ya mshenga ni ya kizamani, asubiri mpaka mwakani, ikiwezekana mwaka wa mbele yake. Akaitikia kwa kichwa taratibu, akasema amenielewa. Maskini Elias. Karibu nimhurumie.

Jumamosi, 7 Desemba

Foleni mlangoni tangu asubuhi! Vijana watupu. Kila mmoja anataka ile ya bwana mifugo. Wengine wanaiita Elias moja kwa moja: kaka nipige Elias, kaka mimi Elias ila barabara iwe nene. Nimenyoa Elias kutwa nzima mpaka mashine imepata moto. Mpanda nzima itajaa Elias, na nimewatengeneza kwa mkono wangu.

Nyanzala amevuka barabara kuja kuangalia vurugu. Anasema imempendeza. Imempendeza!

Jumatatu, 9 Desemba

Kimenuka.

Nyanzala amekuja na futi ya kupimia ikiwa bado shingoni. Amesema jana Elias alifika kwao na mjomba wake, wamekaa, wameongea, wameondoka. Dakika chache tu, bila mbwembwe. Kwa hiyo Elias alinisikiliza vizuri, akaenda kufanya kinyume. Nyoka yule!

Mzee Masalu hakujibu. Alimwita Nyanzala akamuuliza anasemaje. Nyanzala alimjibu baba asubiri kidogo, kuna mtu yuko njiani. Sasa anataka kujua: huyo mtu yuko wapi? Maana baba yake hatasubiri milele, na yeye mwenyewe amechoka kunitetea kwa mama.

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, kuna mpango mkubwa. Akasema hataki mpango mkubwa, anataka baba mdogo Zakayo. Nikamwambia niamini. Akatabasamu kidogo, akasema haya, ananiamini. Ananipenda huyu. Na mimi nampenda, wala sioni haya kuliandika.

Ndiyo maana haiwezekani kwenda na maneno matupu kama mjomba wa Elias. Mzee Masalu anampenda nani kuliko wote? Meneja. Msimu huu wa kulima, Meneja akipotea, nani atakuwa shujaa? Atakayempata. Na nani atampata kwa urahisi kuliko wote? Aliyemficha!

Nimejipongeza kwa soda baridi.

Jumatano, 11 Desemba

Niandike kila kitu, maana leo nimeponea chupuchupu.

Mchana Wasukuma husimamisha plau. Maksai wanafunguliwa wapumzike kivulini, mzee naye anajinyoosha. Nikanyemelea na chumvi kwenye leso. Meneja hana hiyana, alinifuata akilamba leso mpaka kwenye lile tanuri la matofali lililoachwa, karibu na kijito. Nikamfunga ndani ya banda, nikamwachia leso. Mpango: nikanywe chai mgahawani, jioni nitoke naye porini, shati limechanika kidogo, niseme nimewafukuza wezi peke yangu. Nilikuwa nimevaa viatu vya kanisani. Shujaa hawezi kuonekana na ndala.

Chai haijapoa, mwano ukapigwa!

Sijawahi kuusikia kwa karibu namna ile. Wasukuma wakiibiwa ng'ombe hawaanzi kuulizana. Mmoja anapaza sauti, wa nyumba ya pili anadaka, wa tatu anadaka, na kila mwanaume anaacha alichoshika na kukimbia. Usipokimbia unashukiwa wewe. Sungusungu wana adhabu ya asiyekimbia, na ya mwizi mwenyewe hata sitaki kuiandika. Mwamkulu nzima ilitoka. Marungu, fimbo, mapanga. Mama wa mgahawa alizima jiko akatoka na mwiko.

Nikakimbia na mimi, ningefanyaje? Tena nikapiga kelele kuliko wote. Nikawaelekeza: barabara ya mjini, wamekimbilia mjini! Hakuna aliyegeuka. Wote walikuwa wameinama wanaangalia chini. Kumbe ile kwato ya Meneja wanaijua kama mimi ninavyojua vichwa vya wateja wangu. Na kando ya kwato, hatua kwa hatua, kulikuwa na alama ya kiatu. Chenye ncha mbele na kisigino nyuma, kimechorwa safi kabisa kwenye tope.

Mwamkulu watu wanavaa katambuga za tairi. Wengine gambuti, wengine peku. Elias, ambaye alikuja mbio na pikipiki yake, alisema kwa upole labda kuna mgeni amepita. Halafu vichwa vikaanza kugeuka, kimoja kimoja, kuelekea miguuni kwangu. Mimi pia nikaiangalia miguu yangu.

Meneja tulimkuta palepale bandani, anatafuna leso. Aliponiona akalia kwa furaha. Msaliti!

Wakaniweka katikati. Mzee Masalu akaja, hana hasira kabisa, na hapo ndipo nilipoogopa zaidi. Wanawake nao walikuwa wamefika, Nyanzala akiwa nyuma yao, kiganja mdomoni. Mzee akaniuliza mbele ya watu wote, taratibu, kama anayeuliza njia:

"Oswaldi ng'wanone, mwanangu, umemchukua Meneja kama mwizi, kama mtani, au kama mkwe?"

Akili ilikimbia! Mwizi? Nikaangalia yale marungu. Hapana. Mkwe? Mkwe gani huyo, hana mshenga, hajaposa, kashika kamba ya ng'ombe wa wizi, anamtaja binti wa watu mbele ya wanaume wenye mapanga? Si watanichana vipande! Mtani, sasa. Mimi Mfipa, wao Wasukuma, tumetaniana tangu enzi za mababu. Mtani anakuchukulia kuku wako, anamtukana bibi yako, na wewe unatakiwa ucheke. Mtani hapigwi!

Nikapaza sauti, mtani! Mimi mtani wenu! Nyie Wasukuma mnalala mchana kutwa mpaka ng'ombe wenu wanaona bora wahamie kwa Wafipa!

Halafu kicheko! Kilitoka kama mvua. Marungu yakashuka. Mmoja akanipaka tope usoni, mwingine akaniletea kibuyu cha maziwa mgando, mama wa mgahawa akanipiga mwiko mgongoni kwa mahaba. Mzee Masalu naye alicheka, ila wa mwisho, na aliacha mapema. Nikamtafuta Nyanzala nimkonyeze. Alikuwa ameshaondoka, nadhani kuwahi kazi.

Nimeokoka! Akili, jamani, akili ni mali.

Alhamisi, 12 Desemba

Nimekuwa maarufu. Ninapopita wananiita mtani. Mpaka watu wa stendi wananipungia mikono.

Nyanzala amechelewa kazini. Amefika, amebeba cherehani yake, ameigeuza ikaangalia ukuta. Amenipa mgongo kutwa nzima. Itakuwa jua linamuumiza macho.

Ijumaa, 13 Desemba

Wamechukua kiti changu!

Wamekuja watu wa Mwamkulu, kundi zima, wanaimba. Wameingia saluni bila hodi. Mteja alikuwa juu ya kiti, wamembeba naye mpaka nje, ndipo wakamshusha. Wamekipakia kiti cha kuzunguka kwenye mkokoteni wa ng'ombe, na anayeukokota ni Meneja! Nikapiga kelele, wakacheka. Nikawatajia polisi, wakacheka mpaka wakashikana. Wanasema utani haumkuti mtu mmoja, mtani umekula na sisi tule. Mzee mmoja amekikalia kiti juu ya mkokoteni akawa anazungushwa njia nzima.

Sasa nanyolea watu kwenye kreti la soda.

Jioni Scola akaja. Hakucheka, nikajua kuna jambo. Mama yake Nyanzala alipita sokoni kununua migebuka, wakaongea. Scola amenipa yote kama alivyopewa.

Siku ile ya mwano, Mzee Masalu alirudi nyumbani akakaa hakula. Baadaye akamwambia mkewe kwamba alimfungulia yule kijana milango mitatu, na alitaka apite ule wa tatu. Kiatu chenye ncha alikitambua tangu alama ya kwanza, wala hakuhitaji kuuliza. Aliuliza ili anisikie. Ningesema mkwe, angenitoza faini ya mbuzi kwa usumbufu, watu wangeshangilia, na Jumapili ningeitwa pamoja na wazee wangu. Alikuwa anatafuta neno moja tu, mbele ya watu, ajue kama nina moyo. Nami nikasema mtani.

Na mtani, anasema Scola, haposi pale anapotania. Mkwe anaheshimiwa, mtani anachekwa. Hawezi mtu mmoja kuwa wote wawili katika ua uleule.

Nimekaa kwenye kreti muda mrefu.

Jumapili, 15 Desemba

Scola alisema niende na baba mdogo, hata kama tumechelewa. Nikaona hapana, kosa langu nitalirekebisha mwenyewe kwa ufasaha wangu. Nikatoka misa moja kwa moja mpaka Mwamkulu.

Nikamkuta Mzee Masalu na wazee wenzake. Nikasema wazi: wazee wangu, siku ile nilikosea, mimi si mtani, mimi ni mkwe. Wakaangua kicheko. Nikasema nampenda Nyanzala. Wakashika mbavu. Nikapiga magoti kwenye tope na suruali ya kanisani, mzee mmoja akaanguka kutoka kwenye kigoda. Nikaapa. Nikawaambia nasema kweli. Ndiyo kwanza wakaitana na majirani waje kuona.

Nikalia. Machozi ya kweli, kamasi za kweli, nililia kama sijawahi kulia tangu kumzika mama. Wakapiga makofi! Wanasema wamewaona watani wengi, Wafipa na wasio Wafipa, ila mwenye uwezo wa kutoa machozi hawajamwona. Wakanizawadia jogoo. Mzee Masalu peke yake hakupiga makofi. Alikuwa anaangalia chini, anachora chora kwa fimbo yake.

Halafu mama yake Nyanzala akatoka ndani. Nikajiandaa kuona mgongo wake ukikimbilia kihenge. Hakukimbia. Hakufunika uso. Akanijia moja kwa moja, akanyoosha mkono, akanisalimia kwa kunishika mkono vizuri kabisa, kama anavyomsalimia mtu yeyote. Mkono wake ulikuwa na joto. Akasema karibu, mtani.

Hapo ndipo nilipoelewa. Nimerudi kwa miguu, jogoo kwapani.

Jumatatu, 16 Desemba

Nyanzala amevuka barabara. Nilikuwa namnyoa mwalimu mmoja, nikaacha katikati.

Hakugomba. Afadhali angegomba. Amesema siku ile alikuwa amesimama nyuma ya watu, amejiandaa. Kama wangenicheka, angekuja mbele achekwe na mimi. Kama wangenizomea, vilevile. Ilikuwa nimtaje tu. Nikamweleza kwamba ile ilikuwa mbinu, kwamba mazingira yalikuwa magumu, marungu yalikuwa mengi. Akasema anajua. Elias naye anaogopa, akasema, ila alikuja na mjomba wake, akakaa, akatetemeka mbele ya baba, akasema anachotaka.

Jumamosi wanapokea posa. Yeye mwenyewe amekubali.

Akaniomba kitu kimoja: nisifanye lolote. Nikaahidi. Akasema asante, Oswaldi. Alisema Oswaldi, hakusema mtani, na hilo ndilo limeniliza zaidi. Mwalimu ameondoka na nywele upande mmoja, na mimi sikumtoza kitu.

Jumatano, 18 Desemba

Ujumbe umetoka kwa Mzee Masalu. Jumamosi wageni wa Elias wakifika, getini lazima awepo mtani wa kuwafungia njia, awachezee shere, awadai hiki na kile, watu wachangamke, kisha awafungulie. Ndiyo desturi. Na wazee wote wamesema hakuna wa kushika nafasi hiyo isipokuwa mimi.

Scola anasema nikatae kwa adabu. Au niende, niseme vichekesho viwili vitatu, nifungue njia, nimtakie Nyanzala heri. Anasema hilo litakuwa jambo la kwanza la maana nililofanya mwezi huu. Halafu tumwite baba mdogo Zakayo hata hivyo, mabinti wapo wengine, na safari hii nimwache aseme yeye.

Nimemkubalia Scola. Amesema kweli. Elias mwenyewe amepita kunyolewa kwa ajili ya sherehe, nimemnyoa vizuri, mstari umenyooka. Akanishukuru tena kwa mikono miwili. Anasema isingekuwa mimi asingepata ujasiri, maana nilivyomkataza kwa ukali ule alijua lazima kuna mwingine anayemtaka, ikabidi awahi.

Nimemezea.

Ijumaa, 20 Desemba

Nimetafakari sana. Haya mambo ya hila yamenifikisha wapi? Kiti sina, mchumba sina, nina jogoo. Kuanzia leo mimi ni mtu mpya. Nitakwenda kesho kwa moyo mweupe, nitasimama getini kama walivyoniomba, nitafuata desturi neno kwa neno. Sitaongeza langu hata chembe.

Ili nisikosee tena, leo asubuhi nimemfuata yule mzee wa Mwamkulu aliyeanguka kwenye kigoda, nimuulize taratibu kwa adabu. Amenieleza vizuri. Mtani akishafunga njia, wageni hawaruhusiwi kumsukuma. Hawaruhusiwi kununa. Mwenye nyumba haruhusiwi kuingilia. Anayefungua ni mtani mwenyewe tu, na posa haipokelewi mpaka afungue. Nikamuuliza, hivi, anafungua saa ngapi? Mzee akacheka, akaniambia hakuna saa, mtani anafungua akiridhika.

Akiridhika!

Nyanzala aliniomba nisifanye lolote. Na kweli sitafanya lolote. Nitakaa tu.

Nimefungasha mkeka, chupa ya chai, karanga, mwavuli, shuka na kufuli. Mtani anafungua akiridhika, na mimi najijua, naweza kukaa bila kuridhika mpaka Pasaka.